Lile neno lililokutoa jasho

Mpendwa Zuhura,

Pole tena kwa kuanguka ulipokuwa ukitolewa damu, na ahsante kwa picha ya ile karatasi ya daktari. Nimeisoma mara mbili. Ya pili nilicheka, unisamehe. Palipokunyima usingizi pameandikwa "sinkopi". Shoga yangu, ni kuzirai tu! Damu ilipungua ghafla kichwani, fahamu zikakatika, ukaanguka; ulipolala chini damu ikarudi, ukazinduka. Hao waliokimbilia kukukalisha kitini wangekuacha kwanza chali, miguu juu.

Kilichonichekesha ni kwamba neno hilo mimi nililikuta darasani, na halikuwa na mgonjwa. Kwenye fonolojia, yaani elimu ya sauti za lugha, sinkopi ni sauti kudondoka katikati ya neno. Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki, koptein, kukata; humo humo ndimo ilimotoka koma, ambayo nasi, bila kujua Kigiriki, tunaiita mkato. Sema "amekwisha kula" harakaharaka, utasikia: ameshakula. "Kwi" imezirai.

Ila ninaoupenda zaidi ni mfano wa "mtu". Zamani ilikuwa muntu, na lugha kadhaa za Kibantu zinasema hivyo mpaka leo. Kwetu u imeanguka, lakini pigo lake limebaki: wewe mtunzi unajua kwamba "mtu" ni mizani mbili, yaani silabi mbili, m inahesabiwa peke yake. Na ukitaka kuikuta u ya kiambishi hicho cha mu- ikiwa macho, itafute penye shina linaloanza na u: muumba, muuzaji, muuguzi. Hilo la mwisho ndilo lililokudaka! Umeangukia mikononi mwa neno lisilodondosha kitu.

Sasa bila mzaha. Kuzirai kwa kuona sindano na damu ni jambo la kawaida: neva ya vagasi, ile inayotuliza moyo, inashtuka, mapigo ya moyo yanashuka, mishipa inalegea. Safari ijayo waambie mapema wakutoe damu ukiwa umelala. Lakini ikitokea ukazirai ukiwa unakimbia, au umejilaza, au moyo umekwenda mbio kwanza, sitacheka. Nenda siku hiyo hiyo ukapimwe umeme wa moyo. Mimi najua sinkopi ya irabu, ya moyo ina wenyewe.

Lile shairi uliloliacha ubeti wa tatu, nitumie hivyo hivyo. Nahisi mshororo wa pili umepungukiwa mizani moja.

Wako,
Mwanaidi