Ile ndege ya maji ya Ketchikan

Neema shosti,

Mambo? Najua nilikuahidi nitakuandikia siku ileile ya kujaribu kurusha ndege ya maji, ila nilivyorudi nilikuwa hoi jamani, mabega yamekaza kama nimebeba magunia, nikalala na viatu. Haya tulia nikupe yote maana kwa voisi nitasahau nusu.

Basi Ketchikan iko pembe ya kusini kabisa ya Alaska, mji wa watu kama 8,000 tu, umebanwa kati ya mlima na maji. Nyuma ni msitu wa Tongass, mbele ni mlangobahari mwembamba unaitwa Tongass Narrows, na uwanja wa ndege wenyewe uko kisiwa cha ng'ambo, Gravina, unavuka kwa kivuko. Sasa kila kitu kinapita hapohapo kwenye huo mlangobahari, meli za kitalii ndefu kuliko mtaa, boti za wavuvi, kivuko, halafu ndege za maji zinaruka na kutua katikati yao. Watalii wa meli ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka na karibu wote wanakuja miezi ya joto, hebu piga hesabu hiyo. Na mnara wa kuongoza ndege hakuna! Kuna watu wa redio wanakupa taarifa, nani yuko wapi, upepo ukoje, lakini kupishana na mwenzio ni kazi yako mwenyewe. Mvua ndo usiseme, zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, wenyeji hata mwavuli hawashiki.

Leseni yangu si unajua ni ya ndege za matairi, hivyo nilikuwa na mwalimu, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Ndege yetu ni Beaver. Shosti ile ni bibi kabisa, ya kwanza iliruka 1947, pua nene, injini ya duara ya silinda tisa, nguvu farasi 450, na kifuniko cha kujazia oili kiko ndani humohumo karibu na miguu yako, ili uweze kuongeza oili ukiwa angani. Nilicheka mpaka mzee akanitazama.

Kabla ya kuruka unapampu maboya, yale mawili marefu ya chini ambayo ndege inaelea juu yake badala ya matairi. Kila boya ndani limegawanywa vyumba vyumba, kila chumba kina kitundu kimezibwa na kimpira, unakichomoa, unaingiza pampu unavuta maji yaliyovuja, na unahesabu. Vyumba vingi nilivuta mara tatu nne vikakauka, kimoja cha nyuma kushoto nikavuta kumi na moja. Mzee hakusema kitu, akaenda akapiga magoti akakipapasa chote kwa kiganja, polepole, kama mtu anatafuta sindano kwenye mkeka. Kumbe kimpira kilikuwa hakijakaa vizuri. Tukakibana tukaondoka.

Tulielekea upande wa Misty Fjords, kuta za mawe zimesimama wima kutoka baharini, nyingine futi 3,000, ila mi niliona vifundo vya miguu tu maana mawingu yalikuwa yameshuka. Na hapo ndo nikaelewa ule msongamano. Ukitazama ramani unasema anga lote hili nani atakugusa, kumbe siku ya mawingu mabonde yanazibwa, wote mnabaki chini ya dari moja, kwenye njia moja, kimo kilekile. Redio haipumziki, kila mtu anataja yuko wapi, kimo gani, anaelekea wapi, na wewe unawachora kichwani huku unarusha.

Tulipokuwa tunarudi mzee akaniuliza, unaona nini pale karibu na nguzo ya kioo, ile fremu inayoshika kioo cha mbele? Nikaona doa, nikadhani mdudu. Akaniuliza linasogea? Nikamwambia halisogei. Akasema basi hilo ndo la kuogopa. Yaani ndege inayopita zake utaiona inateleza kwenye kioo, ila inayokuja kukutana na wewe inaganda palepale, haiendi kushoto wala kulia, inakua tu. Na ikijificha nyuma ya ile nguzo inakulia hukohuko huioni. Nikakata kulia, doa likaanza kuteleza, likaota mabawa, likawa Beaver mwenzetu anaenda tulikotoka. Mkono ulikuwa unatetemeka shosti, sikufichi.

Mi muda wote nilikuwa naogopa mawingu. Lakini tarehe 13 Mei 2019, karibu na George Inlet, mkono wa bahari wa hukohuko Ketchikan, Beaver na ndege nyingine ya maji, Otter, ziligongana angani zikiwa zinarudi na watalii, mchana kweupe, na siku hiyo unaona mbali tu. Watu 6 walikufa, 10 wakapona. Wachunguzi walisema jicho la rubani peke yake lina mwisho wake, na siku ile sehemu za ndege zenyewe, kama fremu ya dirisha, ziliwaziba. Mzee alinisimulia tukiwa tumeshafunga kamba gatini, siyo kabla.

Kutua nako, we! Ghubani maji yalikuwa yametulia kama kioo, nikafikiri raha, kumbe ndo mtihani, huoni uso wa maji uko wapi, futi hamsini na futi tano zinafanana. Unaweka pua sawa, unashuka taratibu futi 150 kwa dakika, unakaa karibu na ukingo upate cha kulinganishia macho, unasubiri. Usiutafute, uache uje. Nilisubiri mpaka nikahisi tumeshapita chini ya bahari, ndo maboya yakasema shwaaa. Halafu breki hakuna mwaya, unakokotwa tu na maji mpaka uishie mwenyewe.

Sasa hivi nikiwa kwenye gari nachungulia huku na huku kukwepa nguzo ya kioo, jana dereva kaniuliza kama nimelala vibaya shingo.

Picha nakutumia kesho, zilipigwa na kijana aliyekaa nyuma. Kuna moja ina kidoa juu kushoto. Usije ukanifutia na ile programu yako ukidhani ni uchafu.

Wako,
Rubani wa maboya