Malalamiko: Kranki ya Trekta Iliyosagwa Bila Idhini Yangu

Njoro,
Kaunti ya Nakuru

Kwa Meneja wa Karakana,
Nakuru Mjini

Bwana Meneja,

KUH: KRANKI YA MASSEY FERGUSON 240

Mwezi wa Januari niliwaletea injini ya trekta yangu, Perkins ya silinda tatu. Presha ya oili ilikuwa inashuka injini ikipata joto, na chini kulisikika mlio mzito wa kugonga kila trekta ilipovuta plau. Maagizo yangu yameandikwa na mhudumu wenu kwenye risiti: pimeni kranki (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni), kisha mnipigie simu. Nilitaka nijue kama inafaa kusagwa, na kwa saizi gani, au nitafute nyingine.

Simu haikupigwa. Nilipokuja kuuliza, nilikuta kranki imeshasagwa hadi saizi 20 na injini imefungwa.

Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na kwangu ni kubwa kuliko hata uharibifu uliofuata. Kranki hiyo ilikuwa bado ya saizi ya kiwandani. Beringi za injini hii hupatikana za saizi 10, 20 na 30, yaani sehemu za elfu za inchi zinazopunguzwa kwenye shingo, zile sehemu za mviringo za kranki zinazozunguka ndani ya beringi. Kila saizi ni akiba ya mwenye trekta. Mkiruka 10 mkaenda moja kwa moja 20, mmetumia akiba yangu bila kuniuliza, na hamjanionyesha kipimo chochote kinachothibitisha kwamba 10 isingetosha kuondoa mikwaruzo. Shingo hupimwa kwa maikromita pande mbili zinazokingamana, na tena mwanzo na mwisho wake, kwa sababu nguvu ya mlipuko huila upande mmoja zaidi na kuipa umbo la yai. Kuiangalia kwa macho na kupitisha ukucha hakutoshi.

Trekta haikumaliza kulima kabla ya mvua za masika. Mlio wa kugonga ulirudi, taa ya oili ikawaka, na fundi alipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, alikuta vipande vya beringi. Wakulima niliokuwa nimewaahidi walitafuta trekta kwingine. Siwezi kuwalaumu, mbegu haimsubiri mtu.

Nilipeleka kranki kwa karakana nyingine ipimwe tu. Saizi ya kiwandani ya shingo za konrodi (fito zinazounganisha pistoni na kranki) ni takriban milimita 57.11, kwa hiyo mkisaga hadi 20 zinapaswa kubaki karibu 56.60. Ya kwanza na ya tatu ni sawa. Ya pili inasoma 56.58 upande mmoja na 56.53 upande wa pili. Nafasi ya oili kati ya beringi na shingo ya ukubwa huo ni kama milimita 0.05 au 0.06 hivi. Ukiongeza 0.07 upande mmoja, nafasi inazidi mara mbili, oili inatoroka, presha inaanguka na beringi inapondwa. Haya si matokeo ya kulima vibaya wala oili mbaya, kama kijana wenu alivyodai.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Pale shingo inapokutana na ukuta wa kranki panatakiwa kona ya mviringo. Jiwe lenu la kusagia limeacha pembe kali. Kranki hupindwa na kusokotwa kila silinda inapowaka, na ufa huanzia kwenye pembe ya namna hiyo. Ikikatika trekta ikiwa kazini, inaweza kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, na hapo sina injini tena. Wala sijaona popote kwamba mliipima nyufa kwa sumaku kabla ya kuipandisha kwenye mashine.

Sasa mhudumu wenu amependekeza isagwe tena hadi saizi 30, "bure". Sikubali. Hiyo ni saizi ya mwisho, haituhakikishii kwamba pembe zile zitaisha, na kama ufa umeshaanza, kusaga hakuutibu.

Ninachodai ni kranki nyingine ya saizi ya kiwandani, iliyopimwa nyufa, pamoja na karatasi ya vipimo vya kila shingo iliyotiwa sahihi na fundi aliyepima. Mlipie pia seti mpya ya beringi, gasketi, oili na kazi ya kufunga. La sivyo, nirudishieni pesa zote zilizo kwenye risiti pamoja na bei ya kranki. Kama mna vipimo vya kabla ya kusaga, nitumieni nakala. Kama hamna, semeni hivyo kwa maandishi.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka dai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kranki ninayo, tangu ipimwe sijaigusa, na mtu wenu anakaribishwa kuja kuipima mbele yangu na fundi wangu.

Wako mwaminifu,
Mwenye trekta