Kukata maji ya throto hakuongezi nguvu ya gari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri ambao baadhi ya gereji za Dar es Salaam zinawapa vijana wenye magari ya spoti, hasa Subaru Impreza WRX na Toyota Altezza, kwamba wakiondoa mipira midogo inayopeleka maji ya moto ya injini kwenye throto, hewa itaingia ikiwa ya baridi zaidi na gari litapata nguvu.

Throto ni kile kipande cha aluminiamu chenye kibao cha duara kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Watengenezaji hupitisha maji ya moto hapo kwa sababu katika nchi za baridi hewa yenye unyevu inapopenya kwa kasi kwenye uwazi mwembamba hupoa zaidi, unyevu ukaganda, na kibao kikaweza kukwama. Ni kweli kwamba mkazi wa Ilala au Kigamboni hana hofu ya barafu, na katika hilo wanaotoa ushauri huu hawajakosea, ingawa mwenye gari anayepanda Makete mwezi Julai, ambako alfajiri sakitu huonekana kwenye majani, asilichukulie kirahisi hivyo.

Ninachokipinga ni madai ya nguvu. Injini ya lita 2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta takriban lita 100 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikipita kwenye throto yenye kipenyo cha sentimita 6 huenda kwa kasi ya mita 35 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hukaa ndani ya kipande hicho kwa elfu mbili au tatu tu za sekunde. Kwa hesabu yangu, kuta zenye joto la nyuzi 85 zinaweza kuipandisha hewa hiyo joto kwa nyuzi 1 hivi, na nyuzi 1 ni sawa na theluthi ya asilimia moja ya uzito wa hewa inayoingia. Kwenye injini ya farasi 150 tunabishania nusu farasi. Linganisha na safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako injini ya aina hiyo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake, na wenye magari wengi wala hawalalamiki. Isitoshe, throto imefungwa kwa bolti kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, iliyo juu ya injini, hivyo hata ukikata maji itaendelea kupokea joto kutoka huko.

Kwenye gari la turbo hoja hiyo hudhoofika zaidi, kwa kuwa hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo inaweza kuzidi nyuzi 100 kabla ya kufika kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo. Mwenye WRX anayetaka hewa ya baridi aanze kwa kuangalia kama mapezi ya intakula yamejaa vumbi na wadudu, na kama ile filta ya kung'aa aliyouziwa haivuti hewa ya moto iliyojifungia chini ya boneti.

Hasara, kwa upande mwingine, ni za kweli. Ziko injini ambazo maji hayo yana kazi nyingine kabisa: katika Mazda MX-5 za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1989, na katika injini ya 4A-GE ya Toyota AE86, hupasha moto vali yenye nta, ambayo hutanuka na kuifunga njia ya hewa ya ziada injini inapopata joto. Yakikatwa, vali hubaki wazi na sailensi, yaani mzunguko wa injini dereva asipokanyaga mafuta, haishuki. Katika Chevrolet Corvette ya mwaka 1997, ambayo wamiliki wake nchini Marekani wanaupenda sana ujanja huu, njia hiyo ndiyo inayotoa mvuke na hewa kwenye silinda hedi kuelekea kwenye rejeta. Kuiunganisha moja kwa moja bila kupitia throto hakuna neno, lakini kuiziba ni kuufungia mvuke mahali ambapo gasketi huungulia.

Kwa bahati mbaya, kuziba ndiko ninakokuona. Hivi karibuni nililetewa gari ambalo mipira yote miwili ilikuwa imechomekwa bolti na kukazwa kwa klipu za kawaida. Bolti moja ilikwisha kuota kutu, maji yalikuwa yakivuja taratibu juu ya gia boksi, na mwenye gari alikuwa akiongeza maji ya bomba kila asubuhi bila kujua yanakokwenda. Alikuwa amelipia kazi hiyo kama nyongeza ya nguvu.

Fundi anayesisitiza kuifanya aunganishe mipira kwa kiungo cha chuma kisichoota kutu, atoe hewa yote kwenye mfumo, kisha aliache gari liwake mpaka feni izunguke na kuzima angalau mara mbili huku akiangalia kipimo cha joto. Na mteja aombe gari lipimwe nguvu kwa mashine kabla na baada ya kazi, siku ileile, ndipo alipe.

Fundi magari,
Ilala, Dar es Salaam