Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Samarra na Vigae Vyake

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Mwaka huu tulisoma mji mmoja, Samarra, kwenye ukingo wa mto Tigris nchini Iraki. Magofu yake yamenyooka zaidi ya kilomita 40, na sehemu kubwa haijachimbwa.

Khalifa al-Mu'tasim aliuanzisha mwaka 836 ili awatenge askari wake wa Kituruki na ugomvi wa Baghdad. Mwanawe al-Mutawakkil akajenga Msikiti Mkuu, karibu meta 240 kwa 156, na mnara wa Malwiya wenye meta 52. Mwaka 892 makhalifa walirudi Baghdad.

Tarehe hizo mbili, 836 na 892, ndizo zilizotuponza. Vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo, vyenye mng'aro wa kioo, vyeupe na vya rangi ya feruzi, vimepatikana pia kwenye magofu ya pwani ya Afrika Mashariki: Manda, Shanga na Unguja Ukuu. Kwa miaka mingi kigae "cha Samarra" kikionekana, tabaka lote la udongo lenye kigae hicho huandikwa kuwa la 836–892. Huko ni kukurupuka. Makhalifa walihama, lakini mji haukufa. Mwanaakiolojia Mjerumani Ernst Herzfeld, aliyechimba Samarra 1911–1913, hakutenganisha matabaka kama tufanyavyo leo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza vitu alivyovipata vikatawanyika kwenye makumbusho mbalimbali. Isitoshe, vyombo vingi vyeupe vilifinyangwa Basra, kusini mwa Iraki, na Basra haikufunga tanuri kwa sababu khalifa amehama. Tena mtungi mzuri hutunzwa. Huenda ukavunjika miaka mingi baada ya kushuka jahazini.

Basi utaratibu tunaoupendekeza ni huu: namba ya tabaka iandikwe kwenye mfuko kabla kigae hakijatiwa. Hesabu vipande, kisha vipime uzito. Mtungi mmoja ukivunjika vipande 30 utakudanganya kwamba ni mitungi mingi. Chenye mng'aro unaobambuka kisisuguliwe kwa brashi. Tarehe itafutwe kwa sarafu na mkaa wa tabaka hilohilo, baada ya kuhakikisha hakuna shimo la choo la baadaye lililolipasua. Shimo moja hushusha kigae kipya chini ya cha kale.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Wanaookota vigae ufukweni, tafadhali acheni. Kipigeni picha palepale pamoja na rula, andikeni mahali, kisha mpelekeeni picha hiyo ofisa wa mambo ya kale.