Jino likitoka usiku, msingoje kuche

Wanangu, wazazi wa mtaa wetu,

Miaka mingi nimemshikia daktari wa meno vifaa hapa Mombasa, na jino lililonishinda likatoka nyumbani kwangu mwenyewe.

Ilikuwa Aprili 2020. Shule zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, watoto wamejaa ndani, ngazi ya ghorofa ndiyo uwanja wao wa mpira. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliteleza akajigonga mdomo kwenye ukingo wa saruji. Jino la mbele likatoka zima, na mzizi wake. Mimi nimelala. Mama yake akalisugua kwa sabuni, akalifunga kwenye tishu. Ilikuwa saa mbili usiku na kafyu ilianza saa moja. Nani angetoka, baada ya yale mabomu ya machozi ambayo polisi waliwarushia watu kivukoni Likoni tarehe 27 Machi, siku kafyu ilipoanza? Asubuhi tulilifikisha kliniki limekauka kama punje ya mahindi. Halikushika tena.

Mzizi wa jino umevikwa utando mwembamba wenye uhai, nao ndio unaolishikiza kwenye mfupa. Sabuni huuua, na ukavu huuua. Basi jino la ukubwani, lile linaloota baada ya la utotoni kung'oka, likitoka, lishikeni upande unaoonekana mtoto akicheka, si mzizini. Lina mchanga? Limwagieni maji kidogo, msisugue. Lirudisheni penye tundu lake, mtoto aume kitambaa safi, mwende kwa daktari wa meno saa hiyo hiyo. Mkiogopa kulirudisha, litieni kwenye kikombe cha maziwa baridi yasiyo na majani wala sukari. Jino la utotoni ni mbali: hilo halirudishwi, mwacheni alitupe juu ya paa kama tulivyofanya sisi, ila kinywa kitazamwe.

Kipindi kile majeraha ya shuleni na viwanjani yalipungua, tukadhani watoto wamesalimika. Kumbe walikuwa wakianguka vitandani, ngazini na kwenye baiskeli, na wazazi kwa kuogopa korona hawakuwaleta. Jino lililogongwa likanyamaziwa huweza kufia ndani, likageuka kijivu, ufizi ukatunga usaha.

Liko jingine, na hili nalisema polepole. Mwalimu ndiye humuona mtoto kila asubuhi. Shule zilipofungwa, jicho hilo halikuwapo, na ndani ya nyumba mlikuwa na njaa, kazi zimekatika, mikono myepesi. Kofi huangukia usoni. Mtoto mchanga asiyetambaa bado, akikutwa na alama shavuni au kile kinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimechanika, msikubali upesi kuwa "ameanguka". Ulizeni. Na wewe uliyepiga, mlete mtoto vilevile. Jeraha litibiwe kwanza, mengine tutazungumza.

Mimi niko pale pale, mlango wa bluu nyuma ya msikiti. Hata saa nane usiku, gongeni.

Bibi yenu