Mmemkata Sisley anga yake, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salaam kwanza. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na sio mtu wa kuandika barua, ila toleo la Jumapili limenishinda kunyamaza. Ile makala ya Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Paris wa karne ya 19 kina Monet waliopenda kuchora mwanga wa nje, ilikuwa nzuri, mwandishi kajitahidi, lakini picha ya mchoraji mwenzao Alfred Sisley mliyoiweka pale juu, ile ya mafuriko ya Port-Marly ya mwaka 1876, hivi nani aliikata? Maana imekatwa. Mmeacha nyumba, mmeacha maji na vile vimtumbwi, halafu anga yote mmeitupa nje ili kichwa cha habari kipate pa kukaa. Karibu nusu ya mchoro wa watu ile! Na chini yake mkaandika "mfuasi wa Monet kutoka Ufaransa", sasa hapo ndo nikaweka kikombe chini.

Nianze na hilo la anga maana ndilo linaloniuma. Sisley sio mchoraji wa nyumba. Nyumba zipo, madaraja yapo, watu wapo wadogo kama sisimizi, ila ukimtazama bila haraka huyu bwana alikuwa anachora hewa. Mwenyewe aliwahi kumwandikia rafiki yake Adolphe Tavernier, mwandishi wa mambo ya sanaa, akamweleza kwamba anga haiwezi kuwa pazia tu la nyuma, na kwamba yeye mchoro huuanza na anga. Huuanza! Yaani kile mlichokitupa nyie ndo alichoanza nacho yeye, hayo mengine yote yalikuja baadae.

Sasa ile ya mafuriko. Machi 1876 mto Seine ulifurika, maji yakaingia Port-Marly, kijiji kilichoko magharibi mwa Paris, na Sisley alikuwa anakaa jirani tu pale Marly-le-Roi. Akabeba kanvasi zake akaenda, na hakuchora mara moja akatosheka, alirudi na kurudi mpaka ikawa michoro kama sita hivi ya mafuriko yaleyale. Mchoraji mwingine angetuletea balaa, mama analia, ng'ombe kasombwa, paa linaelea, mbingu imepasuka. Kwa Sisley hamna. Kuna duka la muuza mvinyo, jengo la ghorofa, limesimama ndani ya maji kimya kabisa, kuna jamaa kwenye mitumbwi, kuna miti imepanga mstari, basi. Barabara imekuwa mto na watu wanaendelea na mambo yao. Kinachokwambia kwamba hapa pana jambo ni yale mawingu, mazito, yametapakaa upande mzima wa juu, kijivu kikichanganyika na bluu na weupe, na ukishuka chini unakuta rangi zilezile zimelala kwenye maji. Kwasababu maji ya mafuriko yakitulia hayana rangi yake, rangi yake ni ya kilichoko juu, na ukifuta cha juu mtazamaji anabaki anashangaa huo mng'ao umetoka wapi. Mlivyokata nyie maji yamekuwa tope. Kwa kweli nilivyofungua gazeti nilidhani wino umeharibika kiwandani. Nikaenda kuchukua kitabu changu cha picha, kimeshachakaa hadi gamba limeachia, nikakiweka sambamba na gazeti, mke wangu akapita akachungulia akauliza, "Hii picha nyingine ni ya nani?"

Halafu mipigo ya brashi. Kwenye maji kaweka mipigo mifupi ya kulala, kidogo kidogo, moja juu ya nyingine, ila kule juu mkono umeachiwa, rangi imezungushwa na kuburutwa. Hayo ni mazungumzo ya sehemu mbili na nyie mmetuwekea mzungumzaji mmoja, tena yule anayejibu.

Haya, tuje kwenye "kutoka Ufaransa". Kuzaliwa alizaliwa Paris, 30 Oktoba 1839, sikatai, lakini wazazi wote Waingereza, baba mtu wa biashara ya hariri, na kwa makaratasi alibaki Mwingereza mpaka anazikwa. Na sio kwamba uraia wa Ufaransa hakuutaka, aliuomba akanyimwa, akaja kuomba tena mwishoni huku anaumwa na kifo kikamuwahi. Mwaka 1857 mzee wake alimpeleka London akajifunze biashara, biashara yenyewe haikumuingia hata kidogo, kijana akawa anaenda kutazama michoro ya Turner na Constable, wachoraji wa Kiingereza. Mkitaka kujua ile anga ilitoka wapi tafuteni hapo kabla ya kumkimbilia Monet. Constable mwaka 1821 na 1822 alikuwa anapanda Hampstead kuchora mawingu matupu, hakuna mti hakuna nyumba, na nyuma ya karatasi anaandika saa na upepo unavyovuma, kama mtu wa hali ya hewa vile. Sisley ni wa ukoo huohuo, tofauti yake yeye alienda kuyatazama mawingu ya Ufaransa.

Na huo ufuasi sijui mmeutoa wapi. Sisley, Monet, Renoir na Bazille walikutana mwaka 1862 kwa mwalimu Charles Gleyre pale Paris, wote vijana, wote wanafunzi, wote wanajitafuta, nani alikuwa anamfuata nani hapo? Walitoka pamoja kwenda kuchorea nje msitu wa Fontainebleau. Mwaka 1874 walipofanya yale maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti kwenye studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, Sisley alikuwemo. Najua mtasema Monet alibadilika akaenda mbali na Sisley akabaki palepale na barabara zake za vijijini na theluji yake na kingo za mito. Ni kweli alibaki. Lakini chukueni kanisa la Moret, pale alipokuwa anakaa miaka yake ya mwisho, Sisley alilichora mara nyingi mwaka 1893 na 1894, asubuhi, jioni, kwenye mvua, kipindi hichohicho Monet naye yuko mji wa Rouen na kanisa lake. Kwa Monet ukuta wa kanisa umejaa kanvasi mpaka unakosa pumzi, kama ametia pua kwenye mawe. Sisley kanisa kaliacha kijijini kwao, kuna nyumba pembeni, kuna mtaa, na juu yake kuna (ndiyo) anga. Unajua ni saa ngapi. Mi hapo nampenda Sisley zaidi na sitaomba radhi.

Na kama ni Uingereza mnaitafuta, baada ya yale maonyesho ya 1874 alisafiri kwenda huko, mwimbaji maarufu wa opera Jean-Baptiste Faure ndiye aliyemfadhili, akakaa karibu na Hampton Court kwenye mto Thames. Sasa mtu akifika Hampton Court si atachora jumba la wafalme? Sisley jumba akalipa kisogo. Akachora mashindano ya makasia pale Molesey, akachora maji yanavyoporomoka kwenye kizuizi cha mto, na mchoro mmoja akaingia kabisa chini ya daraja la chuma akachora kutokea huko, nguzo kushoto nguzo kulia, na mto unaenda katikati. Nacheka kila nikiuona. Kasafiri kote huko kwa nauli ya watu akaenda kusimama uvunguni mwa daraja!

Pesa makala yenu iligusia, nami nitagusa kidogo. Huo mchoro wa Port-Marly mliokata yeye aliuuza faranga 180. Akafa 29 Januari 1899 pale Moret, kansa ya koo, miezi michache baada ya mkewe Eugénie, mfukoni hana kitu. Mwaka uliofuata, 1900, mchoro uleule ukapigwa mnada, tajiri Isaac de Camondo akaununua kwa faranga 43,000. Sasa hivi uko makumbusho ya Orsay, Paris, na wao hawakuukata.

Hata wezi hawakati. Kuna mchoro wake mwingine wa 1890, ule wa njia yenye miti ya mipopla karibu na Moret, umeibiwa mara tatu, 1978, 1998 na 2007, na mara zote umepatikana. Hao jamaa wana makosa yao mengi ila walichukua mchoro wenyewe na anga yake, hawakusema tunabeba miti tu.

Sasa ombi langu, ndugu Mhariri, sio kwamba mwandishi afukuzwe au mtu aombe msamaha kwenye ukurasa wa kwanza. Naomba muirudishe ile picha Jumapili ijayo. Ilale kwa upana wa ukurasa kama ilivyo, maana Sisley aliichora ya kulala, msiisimamishe. Chini andikeni Alfred Sisley, Mwingereza, inatosha. Na kichwa cha habari kama hakipati nafasi basi kipelekeni pembeni au chini au ukurasa wa pili, popote pale, ila juu ya yale mawingu msiandike kitu.

Ni mimi, msomaji wenu wa Jumapili.