Mtoto aamshwe kabla ndege haijatua

Mhariri,

Wazazi wengi wanaosafiri na watoto wachanga kwenda Ulaya au Marekani hukazana kuwanyonyesha ndege ikipaa, kisha wakati wa kushuka wanawaacha walale. Shida kubwa iko hapo. Ndege ikishuka, mgandamizo wa hewa ndani huongezeka, na mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo la mtoto hubana, sikio likauma. Kumeza ndiko kunakoufungua. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mwamsheni hapo, mpeni titi au chupa kidogo kidogo, asimalize yote mapema.

Kitanda cha ukutani, kile kidogo cha mtoto kinachofungwa kwenye ukuta mbele ya viti vya ndege, kiombwe siku ya kukata tiketi, kwani ni vichache na vina kikomo cha uzito. Taa ya kufunga mikanda ikiwaka, lazima mtoto atolewe apakatwe, hata kama ndiyo kwanza amesinzia. Maziwa ya unga yapimeni nyumbani, kila mlo kwenye kichupa chake. Begi la mkononi liwe na blauzi ya mama pia. Mtoto akicheua, huwalowesha wote wawili.

Na jamani, mtoto atakayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi anahitaji kiti chake safari ya kurudi. Ulizeni kabla ya kulipa.

Msomaji,
Dar es Salaam